Msaada: nimeng'arisha gari la mzee kwa grenda, rangi imeharibika

Mtoa mada: Habari za jioni wakuu. Nipo Morogoro. Jumamosi ijayo ni sendofu ya dada yangu, na gari la mzee, Premio nyeusi, ndilo litakalombeba. Nikataka kuling'arisha mwenyewe. Nikaazima grenda kwa jirani anayechomelea mageti, nikafunga pedi ya manyoya, nikapaka kampaundi, ile polishi kali ya kukwangua. Kivulini lilikuwa linawaka. Asubuhi nilipolitoa juani niliishiwa nguvu. Boneti na milango ya kulia imejaa michirizi ya mviringo kama utando wa buibui, na kwenye mkunjo wa boneti pamefifia sehemu mbili, kila moja kama sarafu ya mia mbili. Mzee alilinunua kwa mafao yake ya ualimu na bado hajaona. Nifanyeje?

Kaka wa Kihonda: Pole sana ndugu. Paka dawa ya meno hapo palipofifia, sugua taratibu, patarudi.

Fundi Rangi: Asipake dawa ya meno jamani, nayo inakwangua. Mtoa mada, chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, sugua kwa mkono palipofifia, kisha mlangoni. Tuambie kimetoka rangi gani. Soma pia namba ya rangi kwenye kile kibati chenye namba ya chesisi.

Mtoa mada: Palipofifia kimetoka cheusi. Mlangoni cheupe. Namba ya rangi ni 209.

Fundi Rangi: 209 ina klia juu, yaani tabaka angavu linalofunika rangi. Kitambaa kikitoka cheusi ujue klia imekwisha, unasugua rangi yenyewe. Hapo hakuna polishi itakayoirudisha. Klia ya kiwandani ni kama maikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi naianzia 1,000 na mara chache navuka 2,000. Kwenye mkunjo pedi inagusa pembamba tu, uzito na joto vyote vinatua hapo.

Milango inapona. Tafuta mtu mwenye mashine inayozunguka huku ikiyumba, sponji laini na polishi ya mwisho, siyo kampaundi. Abandike tepu kwenye mikunjo na kingo zote. Kila akimaliza kipande afute kwa spiriti na kukagua juani, maana mafuta ya polishi yanaficha michirizi, ukiosha gari mara mbili inarudi.

Boneti ipulizwe rangi, na klia ivutwe boneti nzima hadi ukingoni. Ukikubali kiraka, mpaka wake utakuja kubanduka.

Mama Allion: Mimi mwaka jana niliambiwa nipige rangi gari zima kwa kosa kama hili, nikakubali, na najuta hadi leo. Usipige rangi mpya juu ya ile ya kiwandani kwenye milango inayopona, mdogo wangu. Na mwambie mzee kabla hajaliona mwenyewe.

Mtoa mada: Asanteni sana. Nimemwambia leo asubuhi. Alipitisha kidole pale kwenye mkunjo, akakaa kimya, kisha akauliza boneti itachukua siku ngapi.

Fundi Rangi: Ipeleke kesho. Siku tatu zinatosha kama fundi ana sehemu isiyo na vumbi. Siku ya sendofu maua na riboni zifungwe kwa kamba, tepu isiguse boneti, na waksi isubiri siku 30.