Mama Kevina wa Uganda, mbali na ule mwembe wa Nsambya alifanya nini hasa?

BintiBusoga: Habari zenu wadau. Naandaa mada ya vijana parokiani kuhusu Mama Kevina, yule sista Mwairishi, ila kila ninayemuuliza ananiambia alitibu watu chini ya mwembe basi, kaishia hapo. Vipi upande wa elimu? Na ilikuaje alifia Marekani halafu kaburi lake liko kwetu?

MzeeWaMafaili: Binti, mwembe ni kweli. Teresa Kearney, ndilo jina lake la kuzaliwa, mzaliwa wa Wicklow, Ireland, 1875, alifika Nsambya, hapo Kampala, Januari 1903 na wenzake watano, kipindi malale inafyeka watu. Lakini mimi kinachonigusa ni ukunga. Kanisa lilikuwa linakataza masista kuzalisha, na yeye anaona kabisa akina mama wanakufa kwenye uzazi, sasa akashirikiana na daktari Evelyn Connolly, mlei, yaani si mtawa, wakafungua shule ya wauguzi na wakunga hapo hapo Nsambya 1921, huku yeye anaendelea kuwabana wakubwa mpaka Roma ikaruhusu 1936. Miaka 15 hiyo, mama wa watu hajakata tamaa!

KalamuNzito: Sawa mzee, ila tusisahau na nishani ya Mwingereza alivalishwa, MBE, 1918. Misheni na serikali ya kikoloni walikuwa wanakula sahani moja, Waafrika waliwataka wawe watumishi tu.

MzeeWaMafaili: Kijana wangu, nishani hiyo alipewa kwa kuwauguza wapagazi Waafrika wa vita ya kwanza, watu ambao jeshi lenyewe lilikuwa linawaacha wafe njiani. Halafu angalia Nkokonjeru 1923, kaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mt. Fransisko, akawasomesha wawe walimu na wauguzi, leo wako mpaka Kenya na Tanzania. Sasa mtu anayetaka watumishi tu anahangaika hivyo kwa ajili ya nini?

NamagungaOG: Na Namagunga yetu jamani, sekondari ya wasichana, nayo kaianzisha yeye 1942! Dkt. Specioza Kazibwe kasoma pale, akaja kuwa makamu wa rais 1994. Kuhusu kaburi dada, alikuwa Boston anachangisha pesa za misheni, akafariki Oktoba 1957, wakamzika Ireland, Waganda wakakataa kabisa wakataka mama yao arudishwe, Desemba hiyo hiyo akazikwa upya Nkokonjeru. Wapeleke vijana wako pale, masista wanapokea wageni vizuri.