Wanandoa mnaoishi mbalimbali bila talaka: mliandikiana nini? Tupeane uzoefu

Wa Fuoni
Assalaamu alaykum jamani. Nimerudi kwa mama tangu Mfunguo Sita mwaka jana. Sikuachwa. Yeye yupo Mpendae, mimi na wanangu watatu tupo Fuoni. Wazee walikaa kikao, mume akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi iliyochanwa daftari la hesabu la mtoto, lile la viboksi: "Nitatoa matumizi ya watoto kadiri ya uwezo wangu, na mambo mengine tutaelewana." Ami wangu akatia saini, kaka yake akatia saini, tukanywa chai.

Miezi minne alileta. Baadaye uwezo ukaisha. Nikimpigia ananambia niisome karatasi vizuri. Nimeisoma, na kweli kaandika kadiri ya uwezo wake, na anayeujua uwezo huo ni yeye peke yake.

Nauliza walioandikiana: mliandika nini, na nini mlisahau kikaja kuwatesa? Mawaidha ya kurudiana nayataka siku nyingine. Shangazi ananiletea kila Ijumaa.

Mama Mwani
Mimi nilisahau nyumba. Tuliandika "mke atakaa nyumbani na watoto, mume atakaa kwao", na mimi nikaona nimeshinda. Kumbe tumeandika nani anakaa, hatukuandika nyumba ya nani.

Ile nyumba msingi wake ni mwani. Miaka sita nimeingia baharini kila bamvua, viganja vimechanika kwa kamba, mguu wa kushoto hadi leo una alama ya chaza. Pesa nikipata nampa yeye anunue matofali na saruji, maana ndiye anayekwenda mjini na gari. Muuza duka anaandika risiti kwa jina la aliyesimama mbele yake. Risiti zote jina lake, hata moja si langu.

Alipooa mke wa pili akataka chumba kimoja mle mle. Nikakataa, tukafika kwa kadhi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imefungua mlango wa kudai mchango kwenye mali ya ndoa, lakini mchango halisi, wa kuonyesha. Si wa kusema tu "nimeteseka na yeye". Kilichonisaidia ni kijidaftari cha mnunuzi wa mwani, kilo na tarehe zimo humo, na fundi aliyekuja kusema mshahara wake wa kupiga plasta nilimpa mimi mkononi. Nilipata sehemu, sikupata yote. Ningekuwa na risiti mbili tu zenye jina langu, kesi ingekwisha mapema.

Baba wa Wete
Mimi ni mwanamme, msinipige mawe. Kazi yangu ilikuwa Muscat, mke kabaki Wete, baadaye tukakubaliana akae kwao mpaka mambo yatulie. Karatasi yetu ilitaja kiwango kabisa, kila mwisho wa mwezi. Sikuitaja njia ya kupeleka. Nikawa napitishia kwa shemeji, kaka yake mke, kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba na kumruka ni utovu wa adabu.

Baada ya mwaka na nusu naletewa habari kuwa mke wangu kanishtaki, hajapata matunzo. Nikaapa, nikalia. Kadhi akaniuliza, "Ushahidi uko wapi?" Ushahidi wangu ulikuwa banda la kuku la shemeji, kubwa, bati jipya. Huwezi kulibeba ukalipeleka mahakamani.

Sasa natuma kwa simu, namba ya mke mwenyewe, na ujumbe siufuti.

Na jingine nililolisahau ni siku za kuonana na watoto. Idi iliyofuata nimeshuka na nguo zao begani, naambiwa wamekwenda kwa bibi yao Kengeja. Kutoka Wete mpaka Kengeja ni kukata Pemba nzima, nimefika magharibi, naambiwa wamekwishalala. Andikeni siku, andikeni na saa.

Jirani wa Jang'ombe
Samahani nauliza kitu cha kijinga. Si wanasema mume akikaa miezi sita hajaleta matumizi, talaka imepita yenyewe?

Msaidizi wa Sheria
Si cha kijinga, kila wiki nakisikia. Hapana, haipiti yenyewe. Mkikaa mbalimbali mwaka au miaka kumi, bado ni mume na mke. Ndoa inavunjika kwa talaka ya mume, au khului mke anapojikomboa, mara nyingi kwa kurejesha mahari au kitu mtakachokubaliana, au kadhi anapoifasikhi, yaani kuivunja kwa hukumu, kwa sababu kama hiyo ya kutelekezwa.

Na edda, ule muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena, inaanza hapo, siyo siku uliyobeba sanduku. Nilimkuta binti mmoja posa imeshapokelewa na siku ya harusi imepangwa, kajihesabia edda tangu siku aliyotoka kwa mumewe. Hana talaka wala hukumu, ana barua ya sheha tu, kiongozi wa mtaa, kwamba "wametengana". Harusi ilisimamishwa zimebaki siku nne, ubani umeshanunuliwa. Barua ya sheha ina kazi yake, inakufungulia njia ya kwenda kwa kadhi, lakini haimtoi mtu kwenye ndoa.

Kijana wa Bububu
Kwetu iliingia karatasi ya Dar. Dada yangu kaolewa na mtu wa bara, wakagombana, mume akaleta mkataba uliopigwa chapa vizuri, kurasa tatu, umetaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, ndiko mahakama inaweza kuamuru wanandoa watengane bila kuvunja ndoa. Huku Unguja haitumiki. Tulipoufikisha mbele ya kadhi akaupekua wote, akavua miwani, akauliza neno moja: "Huyu kaachwa au hakuachwa?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilibidi kuanza upya, yale ya matunzo na watoto kadhi akayapokea kama makubaliano, mengine yakabaki karatasi.

Bibi wa Mkoani
Wanangu, mimi karatasi yangu ilinifaa kwa jambo ambalo sikulidhania.

Tulikaa mbalimbali miaka mitano, mimi Mkoani, yeye Chake na mke mwenzangu. Akafariki kwa presha siku ya Alhamisi. Nimefika msibani naanza kuvaa nguo ya edda, wifi yangu ananishika mkono pembeni: "Wewe unakaa edda ya nani? Si ulishaachwa?" Mbele ya watu. Niliona ardhi inanimeza.

Kijana wangu akarudi Mkoani usiku ule ule akaileta karatasi kutoka kwenye kasha, imeliwa pembeni na mende. Imeandikwa wazi: "tunakaa mbalimbali, ndoa ipo, talaka haikutolewa", na saini ya marehemu mwenyewe. Nikakaa edda yangu miezi minne na siku kumi. Mirathi ilipogaiwa, thumni ya wake, ile sehemu moja ya nane, tukagawana sawa mimi na mwenzangu. Fungu langu lilikuwa miti michache ya mikarafuu kule Chake, si mali kubwa. Lakini wifi alinijia mwenyewe kunitaka radhi.

Mama Mwani
Bibi, hiyo "ndoa ipo" nani alikwambia uiandike?

Bibi wa Mkoani
Hakuna, mwanangu. Yeye marehemu aliiandika kwa wivu, asije mtu akanichumbia.

Wa Fuoni
Mmenifanya nicheke na huku nalia. Nimekwenda leo kwa sheha na karatasi mpya. Elfu hamsini kila Jumatatu, kwa simu yangu. Ada ya madrasa na skuli mbali. Watoto kwa baba yao Ijumaa baada ya sala mpaka Jumamosi magharibi. Cherehani na kabati ni vyangu. Ndoa ipo, talaka haikutolewa. Pale kwenye "mambo mengine tutaelewana" nimeacha patupu.

Nimemtumia picha. Kajibu ataisoma kwanza kabla hajatia saini.

Ile ya mwanzo hakuisoma, aliiandika tu.