Tupeane uzoefu: baga, kokteli na yaliyokukuta mezani

Mtoto wa Temeke: Wakuu, jana nimekatiza Masaki, harufu ya nyama kwenye makaa ikanikumbusha mbali. Mnaokula baga na kushushia kokteli, mwageni yaliyowakuta. Mimi menyu ilisema 22,000, bili ikaja karibu 26,000. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: bei haijajumlisha VAT. Asilimia 18 hiyo!

Binti Chumbageni: Hapo umenigusa.

Fundi Bomba: Mimi nililetewa baga mbichi katikati, nyekundu kabisa. Nikairudisha jikoni.

Kaka wa Mbezi: Ushamba, mkuu. Mbona steki inaliwa hivyo?

Fundi Bomba: Steki ni kipande kizima, vijidudu viko juu, moto unavimaliza. Baga ni kima, cha juu kimesagwa kikaingia ndani. Iive mpaka katikati, nyuzi 71. Ushamba uko wapi hapo?

Mama Neema: Acheni kugombana, niwaambie. Mdogo wangu hali lozi wala korosho tangu utoto, mwili unakataa. Alipopata kazi tukaenda kumpongeza. Tukauliza mkate, sosi, mpaka kinywaji. Akataka Mai Tai, mhudumu akasema ni ramu na ndimu tu. Hakufika nusu glasi. Midomo ikavimba, anajikuna shingo, sauti ikakauka, kifua kinapiga filimbi. Muziki unaendelea, watu wanadhani kalewa! Nililia, nikapiga kelele mpaka mlinzi akasimamisha bajaji. Hospitali walimchoma adrenalini pajani papo hapo. Kesho yake nikarudi kaunta, mchanganyaji akanionyesha chupa: sharubati ya lozi. Mai Tai inawekwa hiyo. Mhudumu hakuwahi kufundishwa.

Binti Chumbageni: Mungu wangu. Pole sana dada.

Kaka wa Mbezi: Mngempa maziwa fasta.

Mama Neema: Maziwa ya nini, mtu koo linaziba? Usimwambie mtu hivyo tena, tafadhali. Ni sindano na hospitali.

Mzee wa Kaunta: Nimechanganya vinywaji miaka mingi, anasema kweli. Amareto, kileo kitamu chenye ladha ya lozi, nayo ulizeni. Whiskey sour mara nyingi ina ute wa yai bichi, asiyeutaka aombe usiwekwe; mjamzito asiguse pombe kabisa. Wenye wasiwasi kunyweni kokteli iitwayo dawa: vodka, ndimu, sukari, na asali kwenye kijiti. Kila kitu unakiona.

Fundi Bomba: Au bia, inafunguliwa mbele yako.

Binti Chumbageni: Bia ina shayiri, shemeji yangu haimpandi kabisa.

Kaka wa Mbezi: Basi maji! Mama Neema, mdogo wetu anaendeleaje?

Mama Neema: Mzima, namshukuru Mungu. Siku hizi anakwenda kaunta mwenyewe, anasoma chupa moja moja kabla hazijamiminwa. Wengine wanamnunia. Wanune.

Mtoto wa Temeke: Mzee wa Kaunta, hiyo VAT nayo vipi?