Deikea ya ndani ya skuli au mama wa mtaani? Nalinganisha Tudor na Nyali hapa Mombasa, nisaidieni kabla ya Januari

mama_wawili_tudor
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Nna watoto wawili, mkubwa anatimiza miaka minne Disemba kwa hivyo Januari anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, inshallah, mdogo ana miezi tisa. Mpaka sasa walikuwa kwa mamangu lakini mama anahamia Malindi kwa dadangu, na mimi kazi yangu iko Mwembe Tayari, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja jioni, hata kama Tudor si mbali na matatu na foleni sifiki kabla ya kumi na moja na nusu.

Nimezunguka kutafuta deikea, yaani pa kuwaacha watoto mchana, zimebaki tatu.

Ya kwanza ni skuli ya kibinafsi hapa hapa Tudor, deikea iko ndani ya kiwanja cha skuli. Wanapokea kuanzia miezi sita. Mtoto mchanga ni shilingi 24,000 kwa muhula na usajili 3,000 ambayo hairudi hata ukibadilisha nia kesho yake. Mwisho wa kuchukua mtoto saa kumi na nusu, ukichelewa ni 200 kila nusu saa. Likizo wanafunga kabisa. Nilichopenda ni pasafi, chumba cha kulala kina feni na neti, na mtoto aliyekuwa deikea ana nafasi yake PP1 bila kusukumana. Nafasi za wachanga zimebaki mbili tu, watoto wa walimu wao ndio hupewa mwanzo.

Ya pili iko Nyali, hiyo nayo ni ndani ya skuli. 9,000 kwa mwezi, wazi mwaka mzima isipokuwa wiki mbili za Disemba na sikukuu, mpaka saa kumi na mbili jioni. Kasoro yake hawapokei aliye chini ya mwaka mmoja na nusu.

Ya tatu ni mama mmoja mtaani kwetu anayelea watoto wa watu, 150 kwa siku, unampelekea alfajiri na hata ukirudi isha mtoto utamkuta amekula. Hana fomu hana risiti. Nilipopita nilikuta watoto tisa na yeye peke yake.

Mume wangu ataka ya kwanza kwa sababu ya ukaribu. Mimi moyo haujatulia. Mlio na watoto kwenye deikea za skuli, ni masharti gani yalikuja kuwabana baadaye?

hesabu_za_kisauni
Dada hiyo ya kwanza usiangalie ile 24,000, angalia ile 200. Wewe mwenyewe umesema unafika kumi na moja na nusu, yaani kila siku umechelewa saa nzima, hiyo ni 400 kwa siku. Mwezi una kama siku 22 za kazi, 8,800. Skuli inafunguliwa kama miezi tisa kwa mwaka, piga, yaja 79,200. Karo yenyewe mihula mitatu ni 72,000! Kwa hivyo faini itakuwa kubwa kuliko karo na bado hujamlipa mtu wa kushika mtoto Aprili, Agosti na ile likizo ndefu ya Novemba na Disemba. Tuseme dada wa kumshika ni 8,000 kwa mwezi, miezi mitatu 24,000. Jumla 175,200 ya mtoto mmoja. Nyali kwa mwaka ni 108,000 na imekwisha hapo. Mtu akiona 24,000 na 9,000 adhani hii ya muhula ndio rahisi.

mama_wawili_tudor
Subhanallah, sikuwa nimeipiga hivo. Na hiyo ni mdogo peke yake.

ticha_wa_pp1
Mama wawili, mimi nafundisha chekechea kwenye skuli yenye deikea, wacha nikwambie mambo ya ndani.

Kwanza huyo mkubwa umemsahau kwenye hesabu. PP1 skuli nyingi wanamaliza saa sita, saa saba kasorobo hivi. Zile za kaunti pia ni nusu siku. Kutoka hapo mpaka ufike wewe atakuwa wapi? Skuli itakwambia anaingia deikea mchana, na hiyo ina malipo yake mbali na karo ya PP1. Uliza ni ngapi, uliza chakula cha mchana kimo au hakimo, na uliza ile 200 ni ya kila mtoto au ya familia, mana ukiwa na wawili na wanahesabu kila kichwa basi ile faini aliyoipiga ndugu yangu hapo juu iongeze mara mbili.

Pili, likizo. Watu wanadhani skuli inafunga deikea kwa ukaidi. Kwetu mpishi, maji, askari wa geti na wale mashangazi wa watoto wachanga wote wanalipwa kutoka mfuko mmoja wa skuli na kandarasi zao ni za muhula, watoto wakubwa wakienda nyumbani jiko halipikii watoto kumi. Lakini nimeona skuli zikifungua deikea likizo wazazi wakifika idadi fulani na wakilipa mbeleni. Waulize kama idadi hiyo ipo, na wazazi wengine mkutane, msiende mmoja mmoja.

Tatu, hiyo nafasi ya PP1 waliyokuahidi. Nafasi si punguzo. Utalipa usajili tena mtoto akitoka deikea kuingia PP1, skuli nyingi hufanya hivo. Waambie wakuonyeshe ilipoandikwa.

Watoto wa walimu kupewa mwanzo ni kweli na mimi nawatetea, mwalimu akikosa pa kumweka wake darasa zima linakosa mwalimu. Lakini unaweza kuandikwa kwenye foleni ya kusubiri bila kulipa, wakikudai pesa ya kusubiri ondoka.

Na ujue chekechea na deikea zote ziko chini ya kaunti, katiba ya 2010 jedwali la nne ndio iligawa hivo, serikali kuu inaanza na gredi ya kwanza. Siku ukiwa na malalamiko usipoteze nauli kwenda wizarani, nenda idara ya elimu ya kaunti. Na kabla ya kulipa shilingi yoyote uliza hicho kituo kimesajiliwa kama nini, mana wengine skuli imesajiliwa lakini deikea imechomekwa tu hapo kando.

baba_mikindani
Mimi ntamtetea mama wa mtaani mana naona atasahaulika hapa. Nafanya shifti bandarini, mke wangu anafanya hoteli, kuna wiki sote tunatoka saa nne usiku. Deikea gani ya skuli itanisubiri? Hizo saa kumi na nusu zimewekwa na watu wa ofisi kwa ajili ya watu wa ofisi, na hata wa ofisi kama dada hapa hazimtoshi. Wetu alimlea mtoto tangu miezi minne mpaka PP2, mtoto hajawahi kurudi na njaa hata siku moja.

Lakini hatukumwachia hivi hivi. Tulikaa naye kitako mimi na mke wangu, tukanunua kitabu cha kuandikia, ndani tukaandika nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, namba zetu za simu, mtoto hali nini, na akiugua anapelekwa zahanati gani. Malipo kwa Mpesa peke yake ili kila mmoja awe na ushahidi. Wazazi wengine wakaiga. Kisha tulimwambia mchanga wa chini ya mwaka asizidishe watatu akiwa peke yake, na sisi wazazi tukachanga akapata binti wa kumsaidia, ile 150 ikawa 200. Watoto tisa na mtu mmoja hapana, hapo nakubaliana na wewe, moyo usitulie kweli. Lakini hiyo dawa yake ni kuongeza mtu, si lazima kumkimbia.

nesi_mpwani
Salaam. Hakuna aliyetaja ugonjwa na hapo ndipo ntakaa kidogo mana kila wiki naona kazini mama analia, mtoto amerudishwa na bosi amekasirika.

Kituo kinachofanya kazi sawasawa hakimpokei mtoto mwenye homa ya 38 kwenda juu, wala anayetapika au kuharisha mpaka apitishe saa 24 ametulia. Tetekuwanga ni mpaka malengelenge yote yakauke yafanye magamba, karibu wiki nzima, na chanjo yake haimo kwenye zile za bure. Mwenye macho mekundu pia hapokelewi, mwakumbuka mwanzo wa 2024 vile yalivoenea Pwani, chumba kimoja cha watoto kinatosha kuambukiza mtaa. Kwa hivyo ukisoma fomu ukaona hakuna hata mstari mmoja wa mtoto mgonjwa usifurahi ati hawana usumbufu, maana yake mgonjwa wa mwenzio atalala godoro moja na wako. Na siku za kuugua hazirudishwi pesa popote nilipopaona, jipange mapema nani atabaki nyumbani, wewe au baba yao, msianze kubishana saa kumi na mbili asubuhi mtoto ana homa.

Kitabu cha kliniki watakitaka. Huyo wa miezi tisa sasa ndio wakati wa surua na rubela, ya pili miezi 18, na vitamini A kila miezi sita tangu alipofika sita. Mpeleke wiki hii, usingoje siku ya usajili.

Bado unanyonyesha? Maziwa ya kukamua nje ya friji yanakaa muda wa saa nne tu, na hiyo ni joto lisizidi 25. Mombasa hii Februari chumba cha joto la 25 ni chenye ac. Kwa hivyo friji uione kwa macho yako, na waulize stima ikipotea wanafanyaje. Kwenye friji inayofanya kazi yanakaa mpaka siku nne. Na kazini kwako uliza chumba cha kukamulia, Sheria ya Afya ya 2017 inamdai mwajiri akiweke, wengi hawakiweki mpaka uulize.

Mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja alazwe chali, si kifudifudi. Ingia pale saa saba mchana bila kuwaambia, wakati wamelala, uone wamelazwaje na mlezi yuko wapi.

dada_wa_mtongwe
Hiyo ya kuingia bila kuambia naiunga mkono na mikono miwili. Deikea yoyote ikikwambia mzazi haingii mpaka saa ya kuchukua, toa mtoto.

Langu ni la kuchukua. Mimi navuka feri, feri ikisimama sina la kufanya, naweza kukaa Likoni saa nzima huku nauona mji. Deikea yetu ya zamani siku moja jirani alipita akasema namchukua mtoto wa fulani akapewa, hakuulizwa jina wala kitambulisho. Jirani alikuwa na nia njema lakini sikulala usiku ule. Nilimtoa. Tuliko sasa, ni ndani ya skuli vilevile, kuna orodha ya watu watatu na picha zao na kopi ya kitambulisho, na mtu wa nne lazima nipige simu mwenyewe nitaje neno la siri. Bodaboda hapewi mtoto peke yake hata kama ni wa kila siku. Mwanzo wazazi walinung'unika mno ati wanasumbuliwa, sasa kimya.

Nyali yafaa kwa saa, lakini fikiria daraja la Nyali jioni. Utoke Mwembe Tayari kumi na moja, uvuke Nyali, umchukue, kisha urudi Tudor na watoto wawili na mabegi kwenye matatu. Kumi na mbili inafika uko Kongowea kwenye foleni.

bi_mkubwa_kibokoni
Mwanangu mimi nimelea wajukuu, nakuuliza moja tu ambalo vijana hawakuliuliza. Ramadhani je? Skuli nyingi hapa kwetu zinafupisha saa, walimu wanatoka mapema, na deikea nayo inafuata. Ofisi yako itakupunguzia saa? Na Idd hatujui mpaka mwezi uandame, usiku tutasikia kesho ni Idd, kazini hukupewa ruhusa na kituo kimefungwa. Uliza hayo kabla. Uliza pia kama mchana wa Ramadhani jiko linapikia watoto, usije ukaambiwa beba chakula kutoka nyumbani.

Huyo mkubwa usiache kuangalia chekechea za madrasa. Tangu miaka ya themanini hapa Mombasa zilianzishwa kwa msaada wa Aga Khan, mtoto anasoma dini na anacheza na kuhesabu mahali pamoja. Ni nusu siku, hazitakumalizia mchana wako, lakini karo yake ni ya watu kama sisi.

mama_wawili_tudor
Bi mkubwa shikamoo na ahsante, hilo la Idd limenigonga kweli. Nesi, ndio bado nanyonyesha.

Nimetoka kuzungumza na yule mwalimu mkuu wa Tudor leo. 200 ni ya kila mtoto. Nilimwambia hesabu zenu akanyamaza kidogo kisha akasema wazazi watano wenye shida ya saa kama yangu wakijiandikisha pamoja ataweka mlezi mpaka saa kumi na mbili kwa 2,500 kwa mwezi kila mtoto, hakuna faini. Nikamwambia aiandike. Amesema Ijumaa. Likizo amekataa katakata. Mkubwa mchana ni 4,000 kwa mwezi na chakula kimo.

Kwa hivyo ikiandikwa nitaweka wote wawili Tudor, na likizo nitazungumza na mama wa mtaani kwa ile njia ya baba_mikindani, na kitabu, na msaidizi. Isipoandikwa mdogo anakaa kwa mama wa mtaani mpaka afikishe mwaka na nusu halafu tuone Nyali. Mume wangu amekubali tuzungumze naye sote wawili. Kuna mzazi hapa wa Tudor, Tononoka au Buxton anayechelewa kama mimi? Nahitaji wanne.

mpangaji_buxton
Mimi mmoja. Nna wa miaka miwili na nusu, natoka kazini saa kumi na moja na robo. Naweza kuja nawe hiyo Ijumaa.

ticha_wa_pp1
Safi. Mkienda muwe mmebeba kabisa, cheti cha kuzaliwa na kopi, kitabu cha kliniki, picha mbili za mtoto na za watakaomchukua, kopi za vitambulisho. Cheti kama hakijatoka anzeni eCitizen, ile tovuti ya serikali, leo, kinaweza kukawia. Na mwisho wa mwaka huo ndio msimu wenyewe wa fomu, zile nafasi mbili hazitangoja Januari. Msilipe usajili mpaka ile karatasi ya saa kumi na mbili iwe na muhuri.

baba_wa_tononoka
Niandikeni wa tatu, wangu ni pacha kwa hivyo labda tuhesabiwe wawili. Ijumaa saa ngapi?

mama_wawili_tudor
Saa saba na nusu baada ya swala, getini. Nitaingia kwanza kwenye chumba cha kulala kama nesi alivosema.