Dai la bima ya paka limekataliwa: rufaa ianzie wapi?

Kutoka: Mama Mapacha

Ndugu wanajumuiya, nawasalimu kwa heshima.

Usiku wa Jumamosi paka wetu alitafuna maua ya lili bustanini, na kulipopambazuka alikuwa akitapika na kujificha chini ya kabati. Daktari wa mifugo alimlaza siku tatu kwa dripu ili kuziokoa figo zake, naye tunashukuru amepona. Kampuni ya bima, hata hivyo, imenirudishia fomu ya madai pamoja na barua inayosema kwamba tatizo hilo lilikuwepo kabla ya bima kuanza. Ushahidi wao ni mstari mmoja katika historia ya matibabu: wiki ya kwanza ya mkataba, ndani ya kipindi cha kusubiri, yaani siku za mwanzo ambazo bima bado hailipi, nilimpeleka kuchanjwa, na katika mazungumzo nikataja kwamba alikuwa ametapika manyoya. Daktari akaliandika.

Nina maswali mawili. Je, rufaa hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, au mtu huenda moja kwa moja kwa msuluhishi? Na siku za kukata rufaa huhesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, au tangu siku niliyoipokea? Barua yangu ilikaa njiani siku kumi na moja.

Kutoka: Baba Mdogo

Pole sana, dada. Hao ndivyo walivyo. Mbwa wangu alikatika kano ya goti la kushoto, wakalipa bila maneno. Mwaka uliofuata ikakatika ya kulia, wakaniambia kwamba magoti yote mawili huhesabiwa kuwa ugonjwa mmoja, na kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa ule unaofunga kila ugonjwa baada ya miezi kumi na miwili, sikupata kitu. Tangu siku hiyo nimehamia mkataba wa kudumu, ambao kiwango chake cha fidia hujazwa upya kila mwaka, ingawa ada yake hupanda kadiri mnyama anavyozeeka. Kuhusu lili, kata maua tu uyaache majani, kwa maana sumu iko kwenye petali.

Kutoka: Shangazi wa Kliniki

Baba Mdogo, nakuheshimu, lakini usimwue paka wa mwenzio kwa ushauri huo. Katika lili za kweli, yaani jenasi ya Lilium, pamoja na zile za Hemerocallis zinazochanua siku moja, kila sehemu ni sumu kwa paka: jani, shina, kitunguu cha ardhini, hata chavua anayojilamba kutoka kwenye manyoya, na hata maji ya chombo maua yalimokaa. Dripu ikianza kabla ya saa 18 kupita tangu alipokula, matumaini huwa makubwa. Zikishapita, figo huanza kufa. Mbwa akila maua hayohayo kwa kawaida huumwa tumbo tu, na ndiyo sababu wenye mbwa hudhani ni mambo madogo. Ule mmea wa ndani wenye ua jeupe moja, ambao watu huuita lili ya amani, si lili hata kidogo. Huo humwunguza mnyama mdomo, lakini hauharibu figo.

Na kwa kuwa nimekwisha kuandika: msimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Nimewapokea wengi wakiwa katika degedege kwa sababu mwenye nyumba alitaka kubana matumizi.

Kutoka: Katibu

Naomba turudi kwenye mada. Mama Mapacha, fungua ukurasa wa tafsiri za maneno katika mkataba wako. Ipo mikataba inayoihesabu sumu kuwa ajali na ipo inayoihesabu kuwa ugonjwa, na kipindi cha kusubiri kwa ajali mara nyingi huwa kifupi kuliko cha ugonjwa. Mwombe daktari aandike barua kwamba kutapika manyoya na kushindwa kwa figo kutokana na lili ni mambo mawili yasiyohusiana. Hakikisha pia kwamba nambari ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya paka, zile tarakimu 15 za kiwango cha kimataifa cha ISO, inafanana kwenye fomu na kwenye kadi ya chanjo. Dai langu lilikwama kwa miezi minne kwa sababu ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Kutoka: Mama Mapacha

Ahsanteni nyote. Tarakimu zinafanana, na barua ya daktari nimeiomba leo. Bado nauliza juu ya zile siku.

Kutoka: Mzee wa Uzio

Wanangu, mnabishana juu ya barua ilhali bustani ziko wazi. Waliotuzaa hawakumkatia paka bima, na mimi huku ugenini nimekuwa mtu wa kusoma maandishi madogo usiku kwa miwani miwili! Mimi nimeweka wavu juu ya ukuta, ukilalia ndani kama paa, kwa sababu paka akipanda na kukuta kitu kinamwelemea kichwani hurudi chini mwenyewe. Kwa mbwa anayechimba nimefukia waya chini ya uzio. Mboji nayo nimeifunika, kwa kuwa chakula kilichoota ukungu kina sumu inayomtetemesha mbwa mwili mzima. Konokono nawamwagia vile vidonge vya buluu, na mbwa wangu havigusi.

Kutoka: Shangazi wa Kliniki

Mzee wangu, shikamoo. Havigusi mpaka siku atakapovigusa. Vidonge vya metaldehaidi vimechanganywa na nafaka, na kwa mbwa vinanukia kama chakula. Akivila hutetemeka, joto lake hupanda, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Tafuta vile vya fosfeti ya chuma, ambavyo hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa navyo havifai kuachwa na mfuko wazi. Angalia vilevile chini ya gari: kipozeo cha injini chenye ethilini glikoli kina ladha tamu, na paka aliyekilamba anapaswa kupewa dawa ndani ya saa tatu. Asipotapika usitulie, kwa kuwa kuna kipindi anachoonekana amepata nafuu huku figo zikiendelea kuharibika.

Kutoka: Baba Mdogo

Nimekubali kosa langu la petali, na lili zote nimezing'oa leo pamoja na vitunguu vyake. Mzee, huo waya uliufukia kina gani? Wangu anachimba mpaka kwa jirani, na jirani ameanza kuniuliza kama bima yangu inalipa hasara ya mtu mwingine.

Kutoka: Mzee wa Uzio

Marahaba, Shangazi, vidonge nimevifungia kabatini. Baba Mdogo, usiufukie wima peke yake. Ukunje kama herufi L, mguu wake uelekee ndani ya bustani, kwa sababu mbwa huchimba akiwa ameugusa uzio na hajui kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Juu yake panga mawe. Hayo ya jirani muulize Katibu.