Saraka ya huduma za jamii mtandaoni: kuna aliyewahi kupiga hata namba moja iliyomo humo?

Wakuu, nimeshika simu tangu saa mbili asubuhi na hasira zimenifika kooni.

Mama alipata kiharusi. Karuhusiwa kutoka hospitali, mkono na mguu wa kushoto bado havina nguvu. Nesi akaniambia niingie kwenye saraka ya mtandaoni, kila kitu kimo. Haya. Nikaandika "kiti cha magurudumu". Matokeo 0. "Kiti cha mgonjwa". 0. Binamu yangu aliyesomea ustawi wa jamii ndiye aliyenitonya: andika "vifaa saidizi". Yakamwagika 43! Sasa mtu aliyechanganyikiwa atajuaje kwamba kiti kinaitwa kifaa saidizi? Saraka hii mmewaandikia wenye shida au waandika ripoti?

Nikaanza kupiga. Ya kwanza haipatikani. Ya pili akapokea mzee mmoja mpole, akaniambia ana namba hiyo mwaka wa tatu sasa na kila wiki anapigiwa na watu wanaolia. Kaomba waiondoe, kimya. Siku hizi anawasikiliza tu. (Maskini, ndiye huduma pekee ya jamii niliyoipata leo.) Ya tano wanahudumia watoto tu, jambo ambalo halikuandikwa popote. Nyingine mradi ulikufa mfadhili alipoondoka, lakini ukurasa wake bado unameremeta, picha ya watu wameshikana mikono ipo palepale.

Na ole wako ubonyeze kurudi nyuma. Vichujio vyote vinafutika, unachagua upya eneo, umri, aina ya huduma, kila mara.

Najua kuna watakaokuja kusema taarifa huchakaa. Kweli, saa za kazi hubadilika, watumishi huhama, fedha hukata. Kwa hiyo mlitegemea nini mlipokata utepe mkaondoka? Saraka inataka mtu anayelipwa kupiga simu, kuuliza kama huduma bado ipo na nani anastahili, kisha aandike tarehe aliyouliza. Hii nimeipekua juu hadi chini, sijaona tarehe hata moja. Marekani walitenga namba 211 kwa kazi hii tangu mwaka 2000: unapiga, unaeleza shida yako kwa maneno yako, na anayepokea ndiye anayehangaika na majina ya kitaalamu. Sisemi kwao hakuna namba zilizokufa. Nasema angalau hujibizani na kisanduku cha kutafutia.

Kuna kitufe cha "ripoti kosa". Nikajipa kazi, nikaorodhesha namba saba mbovu, moja baada ya nyingine, nikabonyeza tuma. Jibu: "Ukurasa haupatikani".

Mama kaniuliza sasa hivi nimefikia wapi. Nimemwambia namba ya kumi na nane. Mwenye kujua mahali wanapoazimisha kiti, mahali ulipofika kwa miguu yako mwenyewe, aje inboksi. Atakayenitumia linki ya saraka tusilaumiane.