Majibu ya Widal: hizo herufi O na H ni nini?

Mama wa Makorora
Hamjambo ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 9 ana homa siku ya nne sasa, malaria kapimwa hana. Karatasi imeandikwa Widal O 1:80, H 1:160, nikaambiwa ni taifodi. Mwaka huu hii ni mara ya tatu anaandikiwa sindano kwa karatasi kama hii. O na H ndiyo nini? Bado hajachomwa.

Mstaafu wa Chumbageni
Pole mwanangu. Nimefanya kazi ya maabara miaka 31, na swali hili nilitamani kila mzazi aniulize dirishani.

Bakteria wa taifodi wana alama juu ya miili yao. O ni minyororo ya sukari kwenye utando wa nje. H ni protini ya vijimkia wanavyoogelea navyo. Chukua kanga: O ni mji, H ni jina. Salmonella Typhi ana O 9 na 12, na H yake ni d. Salmonella Enteritidis, wa kuharisha, ana mji uleule, 9 na 12. Wametofautiana jina tu. Kwa alama hizi zimeshatambuliwa aina zaidi ya 2,500.

Sasa Widal, kipimo cha tangu 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili za mtoto. 1:160 maana yake seramu yake, yaani maji ya damu, imezimuliwa mara 160 na bado imewagandisha bakteria wa chupani. Huenda kingamwili hizo ni za ugonjwa wa zamani, maana za H hukaa sana, au zilimwamkia yule wa mji uleule. Karatasi moja haitoshi. Omba damu ioteshwe maabara, bakteria mwenyewe akiwemo aonekane, tena kabla ya dawa. Ila akizidiwa, usisubiri majibu, atibiwe.

Bint Pongwe
Shikamoo mzee. Wangu alichanjwa taifodi. Widal haitasoma chanjo?

Mstaafu wa Chumbageni
Marahaba. Kama ni chanjo ya Vi, hapana. Vi ni ganda la nje la bakteria, kama buibui lililovaliwa juu ya kanga, na Widal ya kawaida inaangalia O na H tu.

Mama wa Makorora
Ahsante baba. Amekunywa uji, anaongea vizuri. Nimeshauliza hospitali, wanaotesha. Alfajiri tupo njiani.